Mwarobaini: utafiti unasema nini kuhusu mti wa magonjwa arobaini?

Msikilizaji wetu, mwarobaini ni mti usiohitaji kutambulishwa. Unao uani, shuleni au kando ya barabara. Wengine huuita muarubaini. Jina lenyewe limebeba sifa yake: watu wanaamini unatibu magonjwa 40.

Asili ya mti huu ni India na nchi jirani, ambako umetumika kwa karne nyingi katika tiba ya jadi ya Ayurveda. Huko nako una jina la sifa. Kwa lugha ya Kisanskriti huitwa pia "sarva roga nivarini", yaani mwondoaji wa magonjwa yote. Ulipoletwa pwani ya Afrika Mashariki, sifa zake zilikuja nao.

Je, wanasayansi walioupima wamekuta nini? Katika makala hii tunatenganisha mambo matatu: pale mwarobaini ulipoonyesha kusaidia, pale ambapo ushahidi bado ni mdogo, na pale unapoweza kuleta madhara.

Kwanza, dawa hupimwaje?

Upimaji una ngazi. Ngazi ya kwanza ni maabara, ambapo dawa huwekwa kwenye chombo pamoja na vijidudu vya ugonjwa. Ya pili ni wanyama, kama panya. Ya tatu, na ndiyo yenye uzito zaidi, ni wagonjwa wenyewe. Hapo kundi moja hupewa dawa na jingine hupewa kitu kingine, kisha makundi hayo mawili hulinganishwa.

Kulinganisha ni muhimu kwa sababu magonjwa mengi huisha yenyewe. Mafua yakiisha baada ya siku 5 za kunywa majani, je, ni majani yaliyotibu, au mafua yamemaliza siku zake? Bila kundi la kulinganisha, huwezi kujua.

Meno na ngozi: hapa upo ushahidi

Kijiti cha mwarobaini kimetumika kama mswaki kwa vizazi vingi. Huko India, watafiti waliwapa watu jeli ya meno yenye dawa ya majani ya mwarobaini kwa wiki 6, wakawalinganisha na wengine. Utando unaoganda kwenye meno ulipungua, na bakteria pia. Kwa hiyo kijiti kina faida. Ila hakina floraidi, madini yaliyomo kwenye dawa nyingi za meno, ambayo huzuia meno kuoza. Ukiweza, tumia vyote viwili.

Kwa upande wa ngozi, utafiti uliochapishwa mwaka 1992 ulihusu watu 814 wa India wenye upele, ule unaoletwa na wadudu wadogo wanaochimba chini ya ngozi. Walipakwa majani ya mwarobaini yaliyosagwa pamoja na manjano. Asilimia 97 walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Matokeo hayo yanatia moyo, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha. Ni dalili nzuri, bado si uthibitisho kamili.

Kisukari: dalili zipo, tahadhari pia

Mwaka 2020 watafiti wa India walichapisha matokeo ya wagonjwa 80 wa kisukari cha aina ya pili. Kwa wiki 12, baadhi walimeza vidonge vya mwarobaini vilivyopimwa, wengine vidonge visivyo na dawa, huku wakiendelea na matibabu ya hospitali. Waliopewa mwarobaini walipungukiwa sukari zaidi.

Lakini angalia vizuri. Watu hao hawakuacha dawa zao, kipimo cha vidonge kilijulikana, na sukari yao ilifuatiliwa. Mgonjwa anayeacha dawa ili anywe majani nyumbani hafanyi walichofanya wale. Na anayechanganya vyote bila kumwambia daktari, sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi.

Malaria: hapa ndipo penye hatari

Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba mwarobaini ni dawa ya malaria. Uchungu wake unakumbusha kwinini, na uchungu ukachukuliwa kuwa alama ya nguvu.

Ni kweli kwamba maabara imekuta kitu. Ndani ya mwarobaini kuna kemikali iitwayo gedunini, na kwenye chombo cha maabara inaua vimelea vya malaria. Ila walipopewa panya wenye malaria, nguvu ile haikuonekana. Sababu moja inayotajwa ni kwamba mwili huivunjavunja kemikali hiyo kabla haijafanya kazi.

Si kwamba mimea haiwezi kutoa dawa ya malaria. Dawa mseto tunayopewa zahanati ina asili ya mmea wa China uitwao pakanga. Mwanasayansi Tu Youyou na wenzake waliitenga kemikali yake katika miaka ya 1970, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Kemikali hiyo ilitolewa kwenye mmea, ikapimwa kwa wagonjwa, ikawekewa dozi. Majani ya mwarobaini hayajafika hapo. Kikombe cha leo na cha kesho havilingani nguvu, na hakuna anayejua kikombe kipi kinatosha.

Wakati huohuo malaria haisubiri. Mtoto mdogo anaweza kuzidiwa ndani ya saa 24. Siku mbili za kuchemsha majani na kungoja zinaweza kuwa ndizo siku alizohitaji dawa.

Nani asinywe kabisa?

*Watoto wachanga na wadogo.* Mwaka 1981 madaktari nchini Malaysia waliripoti katika jarida la The Lancet kuhusu watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mwarobaini kama dawa ya kienyeji. Walitapika, wakasinzia na kupata degedege, na ini na ubongo vikaathirika. Mafuta ya mbegu za mwarobaini si ya kunywa, hata kijiko kimoja.

*Wajawazito na wanaotafuta ujauzito.* Katika majaribio ya nyani, dawa ya mbegu za mwarobaini iliharibu mimba changa. Kama ni mjamzito, usinywe mwarobaini wa aina yoyote.

*Wanaotumia dawa za kila siku,* hasa za kisukari. Mwambie mhudumu wa afya kabla hujaanza.

Ufanye nini?

Kijiti cha mswaki endelea nacho. Majani ya kupaka kwa upele, mtu mzima anaweza kuyajaribu, lakini acha ngozi ikiwaka, na nenda zahanati usipopata nafuu.

Homa ni jambo jingine. Mtoto akipata homa, mpeleke akapimwe siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka cha malaria huhitaji tone moja la damu kidoleni, na majibu hutoka ndani ya nusu saa. Akipata degedege, akilegea, akishindwa kunyonya au kunywa, au akitapika kila kitu, msisubiri hata kuche.

Na mtu akikuuzia chupa ya mwarobaini akisema inatibu kila kitu, muulize maswali matatu: ilipimwa kwa watu au kwenye chombo tu? Walilinganishwa na nani? Dozi yake ni kiasi gani? Akikosa majibu, pesa hiyo itunze iwe nauli ya kwenda zahanati.