Timu Iliyopata Sapu Mbili Ikachukua Ubingwa

Baadhi yenu mnanikumbuka kama yule Naibu Waziri wa Michezo aliyekuwa akisumbua kila kikao cha bajeti kuhusu nauli ya timu. Sasa niko Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, nasoma shahada ya pili katika chuo cha Ohio State. Kila nikipiga simu nyumbani swali ni lile lile: "Hivi huo mpira wa kubeba mkononi ukoje?" Nimeona nijibu kwa maandishi, tena kwa kusimulia msimu mmoja tu, ule wa 2024, kwa sababu niliuona tangu mwanzo mpaka mwisho na ulinisuta mahali ambapo sikutegemea.

Tuanze na mchezo wenyewe. Kila timu ina wachezaji 11 uwanjani. Mpira una umbo la yai. Uwanja ni yadi 100, kama mita 91, kutoka mstari wa goli mmoja hadi wa pili. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu inapewa mengine manne. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa mpinzani. Ukiufikisha mwisho wa uwanja unapata pointi 6, halafu unaweza kuongeza 1 kwa kupiga teke mpira upite katikati ya nguzo mbili. Ukikwama njiani unaweza kupiga teke hilo hilo ukaambulia pointi 3. Hizo tatu zikumbukeni, zitatutoa machozi baadaye.

Kilichonishangaza zaidi ni ukubwa wa jambo lenyewe. Uwanja wa Mkapa pale Dar, ule unaofurika Simba na Yanga wakikutana, unachukua watu kama 60,000. Uwanja wa chuo hiki unachukua 102,780. Nasema uwanja wa chuo! Wanaocheza ni wanafunzi, na kwa kawaida mtu ana misimu minne tu ya kucheza, halafu basi.

Sasa, ratiba. Timu moja ya Ligi Kuu yetu inacheza mechi 30 kwa msimu. Hawa wanacheza 12 tu, karibu zote Jumamosi, kuanzia mwisho wa Agosti hadi mwisho wa Novemba. Kwa hiyo kupoteza moja ni msiba. Kuanzia msimu wa 2014 kamati ilikuwa inachagua timu 4 tu nchi nzima zigombee ubingwa, na katika miaka yote hiyo hakuna timu yenye vipigo viwili iliyowahi kuchaguliwa. Kwa lugha yetu, ukifeli masomo mawili umedisko, rudi nyumbani. Mwaka 2024 wakapanua, zikawa timu 12. Yaani wakaanzisha sapu.

Ohio State walianza kwa kishindo: tarehe 31 Agosti waliifunga Akron 52 kwa 6. Tarehe 12 Oktoba wakaenda kwa Oregon, wakafungwa 32 kwa 31. Sekunde za mwisho mchezeshaji wetu, Will Howard, alikimbia na mpira, akajitelezesha chini ili wapate nafasi ya kupiga lile teke la pointi 3. Kumbe muda umeisha. Sapu ya kwanza hiyo. Wakajikusanya, wakaifunga Penn State ugenini, wakaifunga Indiana ambayo ilikuwa haijapoteza hata mechi moja. Ikabaki Michigan.

Michigan ni jimbo la jirani, upande wa kaskazini. Wiki ya mechi hiyo, hapa chuoni kila herufi M kwenye vibao vya majengo inakatwa kwa utepe mwekundu. Mara ya kwanza nilidhani ni ukarabati. Ohio State walikuwa wamefungwa na Michigan miaka mitatu mfululizo, ila safari hii Michigan walikuja wachovu, wameshapoteza mechi tano. Hakuna aliyewapa nafasi.

Tiketi ilinishinda bei, nikaenda kuangalia kwa kinyozi wangu. Columbus ina Wasomali wengi sana, na baadhi yao walipitia Kenya kabla ya kufika huku. Huyu kaka alikulia Eastleigh, Kiswahili chake ni cha Nairobi kabisa, na tangu afike hapa roho yake ameikabidhi timu hii. Mpaka dakika ya mwisho ilikuwa 10 kwa 10. Zikiwa zimebaki sekunde 45, Michigan wakapiga teke. Pointi tatu. Mechi ikaisha 13 kwa 10. Wachezaji wa Michigan wakataka kusimika bendera yao katikati ya uwanja wetu, ngumi zikaanza, polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Kinyozi alizima mashine huku kichwa changu kimenyolewa nusu. "Yaani mtu amefunga mwezi mzima," alisema, "Idi inafika, pilau inaungua." Watu mtaani walitaka kocha, Ryan Day, afukuzwe hata kabla jua halijazama.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza habari za hela, maana ugonjwa wangu mnaujua. Zamani mchezaji wa chuo alikatazwa kulipwa chochote zaidi ya ufadhili wa masomo na matunzo yake. Kuanzia Julai 2021 wakaruhusiwa kuingiza kipato kwa majina na sura zao, kwenye matangazo na mikataba, na mashabiki wenye uwezo wakaunda vikundi vya kuwachangia. Sheria za kuhama chuo nazo zikalegezwa. Ndiyo maana Howard alitoka Kansas State, Quinshon Judkins akatoka Mississippi, Caleb Downs akatoka Alabama. Mkurugenzi wa michezo wa chuo alisema hadharani kwamba kikosi cha 2024 kiligharimu kama dola milioni 20. Na mwezi Juni 2025 mahakama imeidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wachezaji, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Mimi nilikuwa nagombania basi moja la kukodi!

Lakini angalia: milioni 20 zote hizo hazikuwavusha siku ya Michigan. Walichokuwa nacho bado ni ile nafasi ya sapu. Kamati iliwapanga namba 8, na tarehe 21 Desemba wakawakaribisha Tennessee hapa nyumbani.

Mechi hiyo niliingia. Mwenzangu wa maabara alikuwa anasafiri kwao kwa Krismasi, akaniuzia tiketi yake. Nilivaa makoti mawili na bado nilitetemeka. Baridi ilikuwa chini ya sifuri. Uwanja ulijaa, ingawa sehemu kubwa ilikuwa rangi ya chungwa ya Tennessee. Pembeni yangu alikaa bibi mmoja mwenye blanketi magotini. Kila mchezaji akiingia, bibi anamtaja jina na shule ya sekondari aliyotoka, hata wale wa akiba ambao hawakugusa mpira usiku mzima. Nikamuuliza kama ana mjukuu kwenye timu. Akasema hana. Ohio State walishinda 42 kwa 17, lakini mimi nilirudi chumbani nikimfikiria yule bibi.

Mwaka mpya waliilipa Oregon, 41 kwa 21. Tarehe 10 Januari ikawa zamu ya Texas. Tunaongoza 21 kwa 14, zimebaki dakika mbili na ushee, Texas wako mlangoni kabisa. Jack Sawyer akamvamia mchezeshaji wa Texas, Quinn Ewers, mpira ukamtoka, Sawyer akaudaka na kukimbia nao yadi 83 mpaka mwisho wa uwanja. Na hawa wawili mwaka 2021 walikuwa wanalala chumba kimoja hapa hapa Ohio State, kabla Ewers hajahama! Mwenzako wa chumbani anaweza kukufungia msimu. Tarehe 20 Januari 2025, mjini Atlanta, wakaifunga Notre Dame 34 kwa 23. Mabingwa wa nchi, na vipigo viwili mkononi.

Kesho yake nilipita kwa kinyozi kumpongeza. Alicheka, akanikumbatia, halafu akasema, "Kombe tunalo, bro. Lakini jirani bado anatudai."

Nimekaa na maneno hayo muda mrefu. Mfumo mpya uliwapa sapu na hela iliwapa wachezaji, lakini deni la Michigan halikufutwa na kimoja wala kingine. Liliishi kwa watu kama kinyozi na yule bibi, ambao hawalipwi na hawana ndugu uwanjani. Msimu ni wao kwa sababu wanakuja.

Sasa niseme langu. Mwaka ule wa wizara yangu, timu yetu ya netiboli ilifika fainali ya mashindano ya vyuo. Hela ya basi niliipata, baada ya vikao vinne. Nikapiga nao picha wakiondoka, nikaiweka kwenye grupu, nikarudi bwenini. Fainali yenyewe ilichezwa umbali wa nauli ya daladala mbili, na boom lilikuwa limetoka juzi yake. Sikwenda. Walifungwa kwa goli moja. Niliuliza matokeo kwa meseji, nikaandika "Poleni sana." Nahodha akajibu, "Tulidhani utakuja."

Nilisoma, sikujibu. Wakati ule niliona anadeka. Si basi nimewapa? Leo nikijaribu kuwataja wachezaji saba wa fainali ile, nafika wa tatu nakwama. Mimi, naibu waziri.

Sisemi hela si ishu. Nauli idaini, viatu vidaini, na atakayewaambia wachezaji wavumilie kwa moyo wa kizalendo mumwulize yeye anavumilia nini. Ila msikomee kwenye bajeti kama nilivyokomea mimi. Nahodha yule nimeshamwandikia, miaka miwili baadaye. Amenijibu kwamba sasa anafundisha netiboli wadogo zake hapo hapo chuoni, na kwamba Jumamosi hii wana mechi uwanja wa nyumbani, saa kumi jioni. Mimi niko mbali. Naombeni mwende, na mkirudi mniandikie majina yao yote saba.