Majaribio ya Tiba: Mambo Anayopaswa Kujua Mkazi wa Simiyu Kabla ya Kuridhia

Msichana wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima au Busega anayechanjwa leo ili kujikinga na saratani ya mlango wa kizazi huchomwa sindano moja tu, ilhali dada yake aliyechanjwa mwaka 2018, chanjo hiyo ilipoanza kutolewa nchi nzima, alipangiwa sindano mbili. Utaratibu huu mpya ulianza Tanzania mwezi Aprili 2024, na msingi wake ni majaribio ya tiba yaliyofanywa sehemu mbalimbali duniani, mojawapo likiwa limefanyika jirani kabisa na Simiyu, mkoani Mwanza. Kwa kuwa matokeo ya kazi za namna hiyo hufika katika kila zahanati, na kwa kuwa wakazi wa Kanda ya Ziwa huombwa kushiriki, inafaa mwananchi wa kawaida aelewe jaribio la tiba ni kitu gani, linaendeshwaje, na anayeombwa kushiriki ana haki zipi.

Jaribio la tiba ni utafiti unaofanywa kwa watu walioridhia, kwa lengo la kujua kama dawa, chanjo, kifaa au utaratibu fulani wa matibabu unafanya kazi na ni salama. Daktari anayemtibu mgonjwa kwa kawaida humchagulia kile ambacho tayari kinajulikana kuwa kinamfaa, lakini mtafiti hutafuta jibu la swali ambalo bado halijajibiwa, na huenda jibu hilo likawafaa wagonjwa wa baadaye kuliko yule anayeshiriki sasa. Mshiriki anastahili kuelezwa tofauti hiyo waziwazi kabla ya jambo lingine lolote.

Kanuni inayotumika si ngeni kwa mkulima wa pamba wa Simiyu, kwani mbegu mpya kutoka kituo cha utafiti cha Ukiriguru, wilayani Misungwi, hulinganishwa na ya zamani kwa kupandwa sambamba katika udongo ule ule na mvua ile ile, ndipo mavuno yapimwe. Kwa binadamu, ulinganisho wa haki hupatikana kwa kura, ambayo siku hizi hupigwa kwa kompyuta, ili daktari wala mgonjwa asichague nani apate nini, na ili wenye nguvu na walio dhaifu wasambae katika makundi yote kwa kiasi kinachokaribiana. Kundi moja hupewa tiba mpya, na lingine, liitwalo kundi la ulinganisho, hupewa tiba bora iliyopo. Pale ambapo hakuna tiba iliyothibitishwa, linaweza kupewa plasebo, yaani kidonge au sindano inayofanana na dawa kwa sura lakini isiyo na dawa ndani yake.

Dawa mpya huanza kuchunguzwa maabara na kwa wanyama, kisha hupita katika awamu kwa watu. Awamu ya kwanza huwahusisha watu wachache na huangalia zaidi usalama. Ya pili huongeza idadi na kutafuta kipimo kinachofaa. Ya tatu huwahusisha mamia au maelfu ili kulinganisha tiba hiyo na iliyopo. Na ya nne huendelea kufuatilia madhara baada ya dawa kuruhusiwa.

Jaribio la chanjo lililofanyika Mwanza linaonyesha jinsi kanuni hizi zinavyotekelezwa. Kuanzia mwaka 2017, wasichana 930 wenye umri wa miaka 9 hadi 14 waligawanywa kwa kura katika makundi sita ya wasichana 155 kila moja, wakapewa dozi moja, mbili au tatu za mojawapo ya chanjo mbili zilizokuwa zikilinganishwa. Baada ya miaka miwili, zaidi ya asilimia 97 ya waliopata dozi moja walikuwa bado na kinga mwilini dhidi ya aina za kirusi zinazosababisha saratani ya mlango wa kizazi kwa wingi. Kiwango cha kinga yao kilikuwa chini kuliko cha waliopata dozi nyingi, lakini kililingana na kile cha wanawake wa nchi nyingine ambao dozi moja ilikwisha kuonekana kuwakinga. Nchini Kenya, jaribio lingine la wasichana na wanawake vijana lilionyesha kwamba dozi moja huzuia maambukizi yenyewe, na mwezi Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja itumike.

Wakati mwingine kura hupigwa kwa vitongoji badala ya mtu mmoja mmoja. Wilayani Misungwi, maeneo 84 yaligawiwa vyandarua vya aina nne mwaka 2019, kisha watoto wakapimwa malaria kwa vipindi. Baada ya miaka miwili, asilimia 45.8 ya watoto waliopimwa katika maeneo ya vyandarua vya kawaida walikutwa na vimelea, ikilinganishwa na asilimia 25.6 katika maeneo ya vyandarua vilivyoongezwa dawa iitwayo klofenapiri, huku aina nyingine mbili zikishindwa kuonyesha tofauti ya uhakika kwa wakati huo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua vya klofenapiri vitumike. Jaribio lililoendeshwa vizuri lina faida hata linapojibu kwamba kitu hakifai, kwa sababu huiepusha jamii na gharama na matumaini yasiyo na msingi.

Haki za mshiriki zimepatikana kwa gharama kubwa. Kati ya mwaka 1932 na 1972, watafiti wa serikali ya Marekani waliwafuatilia mamia ya wanaume Weusi wenye kaswende huko Tuskegee, Alabama, bila kuwaeleza ukweli na bila kuwapa penisilini, hata ilipokwisha kuthibitika kwamba inaponya. Leo hii, Tanzania Bara, utafiti wa tiba kwa binadamu huhitaji kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na majaribio ya dawa na chanjo huhitaji pia idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Hata hivyo, kibali cha serikali hakichukui nafasi ya ridhaa ya mtu mwenyewe. Fomu ya ridhaa husomwa kwa lugha anayoielewa mhusika, na kwa mzee wa kijijini anayezungumza Kisukuma maelezo yanapaswa kutolewa kwa Kisukuma. Asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi asiye mmoja wa watafiti, na mtoto huhitaji ridhaa ya mzazi pamoja na kukubali kwake mwenyewe. Mshiriki anaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu na bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Hofu kwamba damu hutolewa ili ikauzwe hupungua pale mtafiti anapotaja kiasi na kazi yake: mililita 5, kwa mfano, ni ujazo wa kijiko kimoja cha chai, na fomu inapaswa kusema damu hiyo itapimwa nini na itahifadhiwa wapi.

Kwa hiyo, mkazi wa Simiyu anayeombwa kushiriki asikimbie kwa uvumi wala asikubali kwa kumwonea haya mwenye koti jeupe. Aulize swali la utafiti ni lipi, nani ametoa kibali, hatari zake ni zipi, nani atagharamia matibabu akidhurika, siri zake zitatunzwaje, na matokeo yatarudishwa lini kijijini. Aombe nakala ya fomu, aende nayo nyumbani, azungumze na familia yake, na aweke sahihi au dole gumba pale tu atakapokuwa ameridhika na majibu.