Chakula cha Shule: Mkataba Utangulie Mbegu

Shule nyingi za msingi Tanzania hupika uji na makande kwa michango ya wazazi. Michango ikipungua, mwalimu mkuu hukimbilia sokoni, mara nyingi kati ya Januari na Machi, mahindi yakiwa yameshapanda bei. Mkulima wa kijiji hichohicho aliyauza ya kwake Julai, bei ikiwa chini. Shule inapata hasara, mkulima anapata hasara, na mtoto anashinda na njaa.

Dawa ya hasara hii ni mkataba kati ya shule na wakulima, nao uandikwe kabla ya kupanda. Kwanza shule ipige hesabu. Wanafunzi 400, kila mmoja akila gramu 150 za mahindi kwa siku, wanahitaji kilo 60. Kwa siku 190 za masomo ni kilo 11,400, yaani magunia 114 ya kilo 100. Mkulima wa ekari mbili hauwezi mzigo huo peke yake. Chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, kinaumudu, kwa kuwa kinakusanya mazao ya wengi na kutia saini kwa niaba yao.

Pili ni ubora. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, yasigusane na udongo, hadi unyevu usizidi asilimia 13.5. Yakiwekwa mabichi huota ukungu unaozalisha sumukuvu, sumu isiyoondoka kwa kupika. Afisa ugani ayapime kabla hayajaingia stoo.

Tatu ni malipo, na hapa ndipo ubia mwingi huvunjika. Mkulima mdogo ana madeni ya mbolea na mahitaji ya nyumbani. Akicheleweshewa fedha, msimu ujao atamuuzia mlanguzi anayelipa papo hapo. Kwa hiyo tarehe ya malipo iandikwe kwenye mkataba, na michango ya wazazi ikusanywe wakati wa mavuno.

Brazil iliuweka ununuzi wa aina hii katika sheria. Mwaka 2009 iliagiza angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue mazao ya wakulima wadogo, tena bila kuwabebesha masharti ya zabuni za kawaida. Soko likawa na uhakika kabla ya jembe kuingia shambani.

Sisi tunaweza kuanzia kwenye kata. Kamati za shule, halmashauri na AMCOS, kaeni pamoja kabla ya mvua za kupandia, mkubaliane kiasi, bei na siku ya kulipa.