Barafu ya Ndizi Mbivu: Baridi Haiui Vijidudu



Kila mwenye mgomba nyuma ya nyumba, awe Masasi au Newala, anaijua tabia ya mkungu wa ndizi. Leo ndizi zote ni mbichi. Baada ya siku chache chane zote zimeiva kwa pamoja. Watoto wanakula mpaka wanachoka, jirani wanagawiwa, na zile zilizobaki zinaanza kuwa na madoa meusi kwenye maganda. Hapo ndipo wengi wetu huzitupa au kuwapa mbuzi.

Ndizi yenye madoa meusi juu ya ganda, lakini ndani bado ni nyeupe na inanukia vizuri, haijaharibika. Ndiyo tamu kuliko zote, kwa sababu wanga wake umegeuka kuwa sukari. Katika makala ya leo tutajifunza kuitumia ndizi hiyo kutengeneza barafu ya watoto, isiyohitaji sukari wala rangi ya dukani. Lakini kabla ya kufika jikoni, liko jambo moja ambalo ni lazima tulielewe.

BARIDI HAIUI VIJIDUDU

Watu wengi hudhani kwamba kitu kikishaganda kimekuwa salama. Sivyo. Moto huua vijidudu, bali baridi huvilaza tu. Kijidudu kilichoingia katika barafu pamoja na maji machafu hukaa humo kama mbegu ikaavyo ardhini wakati wa kiangazi. Vingine hufa, lakini vingi husubiri. Mtoto anapoinyonya barafu ile, inayeyuka na vijidudu vinashuka tumboni vikiwa hai. Matokeo yake ni kuhara, homa ya matumbo, hata kipindupindu.

Hatusemi haya ili kutisha watu. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi ya nchi yetu. Ugonjwa huo husafiri katika maji na vyakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Barafu ni maji. Basi barafu haiwezi kuwa safi kuliko maji yaliyoitengeneza na mikono iliyoishika.

MAJI YETU NA NDIZI YETU

Wakazi wa uwanda wa Makonde hawahitaji kufundishwa thamani ya maji. Juu kule Newala hakuna mito. Mvua inanyesha, udongo wa kichanga unainywa, na maji yanakwenda kutokea chini kwenye miteremko. Kwa miaka mingi kina mama waliteremka mabondeni na kupanda tena na mzigo wa maji kichwani. Mradi wa maji wa Makonde hupandisha maji kwa pampu kutoka Mitema, bonde la Kitangari, na nyumba nyingi huvuna maji ya mvua kutoka kwenye mabati na kuyahifadhi katika visima vya saruji.

Maji ya namna hiyo hupita vyombo vingi kabla ya kunywewa: ndoo, pipa, dumu, kata. Kila chombo na kila mkono unaweza kuongeza uchafu. Ndiyo sababu barafu ya maji ya rangi na sukari ina hatari kubwa: karibu yote ni maji, na mara nyingi mlaji hajui yametoka wapi wala kama yalichemshwa.

Sasa itazame ndizi. Karibu robo tatu ya uzito wa ndizi iliyomenywa ni maji. Maji hayo yamevutwa na mizizi ya mgomba na kufungiwa ndani ya ganda, ambamo hakuna ndoo wala kata iliyoingia. Kwa hiyo barafu ya ndizi inaweza kutengenezwa bila kutia hata kikombe kimoja cha maji ya kisima. Maji utakayohitaji ni ya kunawa na kuosha vyombo tu. Kwetu sisi tunaohesabu ndoo, hilo si jambo dogo.

VITU VINAVYOHITAJIKA

Ndizi mbivu 6 za kadiri, kikombe 1 cha maziwa, ndimu 1, sufuria, uma au mwiko, vikombe vidogo kama vya kahawa, 10 hivi, vijiko vidogo 10.

Kama hakuna maziwa, tumia tui zito la nazi. Ukipenda kuongeza nguvu, tia vijiko viwili vya karanga au korosho zilizokaangwa na kutwangwa mpaka zikawa unga laini. Karanga zenye ukungu au uchungu zitupwe, maana sumu ya ukungu haiondoki kwa kukaangwa.

NJIA YA KUTENGENEZA

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kama maji ni haba, toboa tundu dogo kwenye kidumu, kitundike, na ukifunge kamba ya kukanyaga kwa mguu. Kidumu kikiinama, maji machache hutiririka na mikono inatakata bila kuchovya katika beseni.

2. Osha ndizi kabla ya kumenya, ili uchafu wa ganda usihamie ndani.

3. Menya, kata sehemu zilizooza kama zipo, kisha ponda ndizi ndani ya sufuria mpaka ziwe laini.

4. Mimina maziwa au tui na, kama unautumia, ule unga wa karanga. Teleka motoni. Koroga bila kuacha mpaka mchanganyiko wote utokote vizuri, uendelee kutokota kwa dakika moja, kisha epua. Usiiruke hatua hii. Ndiyo inayoua vijidudu vilivyotoka kwenye mikono, uma na maziwa.

5. Funika sufuria na uache mchanganyiko upoe. Wakati huo, chemsha vikombe na vijiko katika maji, uvitoe na uviache vikauke vyenyewe. Usivifute kwa kitambaa.

6. Kamua ndimu, utie maji yake na kukoroga. Ukali wa ndimu huzuia ndizi isiwe nyeusi. Palipo na mibuyu, unga wa ubuyu nao hufanya kazi hiyo.

7. Jaza vikombe, ukiacha nafasi ya upana wa kidole juu, kwa kuwa kitu kikiganda huvimba. Simika kijiko kidogo katikati ya kila kikombe. Hicho ndicho kitakuwa mpini wa kushikia. Usivunje kijiti chochote porini, maana miti mingine ina utomvu unaochoma midomo.

8. Funika, kisha weka kwenye friza mpaka barafu iwe ngumu. Wakati wa kuila, chovya kikombe kwa nje katika maji ya vuguvugu kwa muda mfupi. Barafu itaachia.

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania. Vikombe hivi huoshwa na kutumika tena, wala haviachi takataka njiani.

ASIYE NA FRIZA

Kama unaweza kupata mabonge ya barafu kutoka mjini au kwa jirani mwenye umeme, yaponde. Changanya sehemu tatu za barafu na sehemu moja ya chumvi ndani ya ndoo. Chumvi huifanya barafu ile iwe baridi zaidi kuliko barafu ya kawaida. Tia mchanganyiko wa ndizi katika kopo safi lenye kifuniko kinachobana, lizamishe humo, funika ndoo kwa gunia, na ligeuze kopo mara kwa mara mpaka vilivyomo vigande. Barafu ya chumvi isiliwe, wala isiingie ndani ya kopo.

Na kama barafu haipatikani kabisa, usihuzunike. Mchanganyiko uleule, ukishatokota na kupoa, ni uji mzuri wa mtoto. Uliwe siku hiyohiyo.

UMEME UKIKATIKA

Usifungue friza ovyo. Baridi itakaa humo kwa saa kadhaa. Lakini barafu iliyokwisha kuyeyuka na kupata joto isigandishwe tena. Wakati wa joto vijidudu vimeamka na kuzaana. Ukiigandisha upya, unavilaza vingi kuliko vya kwanza.

NANI ALE, NA KIASI GANI

Mtoto wa chini ya miezi 6 asipewe barafu wala maji. Maziwa ya mama yanamtosha. Mtoto mkubwa apewe baada ya chakula, si badala ya chakula. Ndizi ina madini ya potasiamu na vitamini, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya ugali, kunde, samaki na mboga za majani. Korosho na karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka 5, kwa kuwa zinaweza kumkaba.

Mtoto anayehara hatibiwi kwa barafu. Apewe maji ya chumvichumvi ya kuzuia kukaukiwa, aendelee kunyonya na kula, na apelekwe zahanati mapema.

KWA WEWE UNAYEUZA

Ndugu muuzaji, wanafunzi wanaokuzunguka wakati wa mapumziko hawakuulizi maji uliyachota wapi. Wanakuamini. Chemsha mchanganyiko, funika vyombo vyako, na usishike fedha na barafu kwa mkono uleule. Ukiwa na tumbo la kuhara, usitengeneze wala kuuza mpaka upone. Siku moja bila mauzo ni hasara ndogo kuliko darasa zima la wagonjwa.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi vijijini kote Tanzania, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Nasi tusiishie kusoma. Mkungu utakapoiva safari hii, tuanze.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini barafu inaweza kumwambukiza mtu ugonjwa?
2. Maji ya nyumbani kwako hupita vyombo vingapi kabla ya kufika kinywani?
3. Kuna faida gani kutumia maji yaliyomo ndani ya ndizi badala ya maji ya kisima?
4. Watoto wa shule iliyo karibu nawe hununua barafu ya namna gani? Mnaweza kufanya nini pamoja na wauzaji ili iwe salama?