Mortal Kombat: Huyu Cole Young ametoka wapi?

Kama umewahi kugombania zamu ya PlayStation mtaani ili tu ucheze na Scorpion, dakika za kwanza za Mortal Kombat ya 2021 zilikuwa zako. Ni Japani, mwaka wa 1617. Bi-Han (Joe Taslim), ambaye baadaye ataitwa Sub-Zero, anamuua kwa barafu mke wa Hanzo Hasashi pamoja na mwanawe. Hiroyuki Sanada anapigana kama mtu aliyefiwa kweli. Hata wahakiki walioiponda filamu hii ya Simon McQuoid waliisifu sehemu hiyo.

Halafu anaingia Cole Young. Nani? Pekua gemu zote zilizotangulia tangu ile ya 1992, humpati. Alibuniwa kwa ajili ya filamu. Lewis Tan anajua kupigana, hilo halina ubishi, ila mhusika wake ni baridi kuliko barafu ya Sub-Zero. Hapa mashabiki na wahakiki waliimba wimbo mmoja.

Lalama nyingine ni nzito zaidi: mashindano yenyewe hayapo! Filamu nzima ni maandalizi tu. Ile ya 1995, licha ya picha zake za kompyuta za kuchekesha, angalau ilitupa mashindano.

Damu, lakini, imo. Kung Lao anampasua Nitara kwa kofia yake, na Kano (Josh Lawson) anavunja mbavu kwa matusi. Ukweli usemwe, nilishangilia.

Ila Scorpion, tuliyemfuata sisi, anarudi mwisho kabisa. Tena kumwokoa Cole.