KUPIMA BEI YA INJINI KUUKUU

Mkulima wa Itigi atakaye kununua injini kuukuu ya kusagia nafaka au kuvutia maji, yampasa kuipima kwanza, maana fedha ya mavuno yote yaweza kupotea kwa siku moja. Rangi mpya si uzima.

Kwanza, soma kibao chake. Injini nyingi za Lister ziliundwa Dursley, Uingereza. Nyingine ni mwigo wake, ulioundwa Rajkot, India. Usilipe bei ya asili kwa kitu cha mwigo.

Pili, injini ikiwa baridi na mafuta yamefungwa, zungusha gurudumu polepole kwa mkono. Yafaa likaze na kutaka kurudi nyuma. Likipita kwa wepesi, huenda ringi, vali au silinda zimelika.

Tatu, tazama oili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia ndani, na pengine chuma kimepasuka.

Nne, iwashwe mbele yako. Moshi wa samawati usiokoma ni dalili kwamba inaunguza oili.

Kisha fanya hesabu. Tuseme injini nzima ya namna hiyo huuzwa shilingi 1,500,000. Toa 400,000 za vipuri na fundi, na 150,000 za kuichukua hadi Itigi, kwani ni nzito mno. Bei ya haki haizidi 950,000.

Mwenye kuuza akikataa kuiwasha, rudi nyumbani na fedha yako.