Maziwa ya Wapi? Orodha ya Vinywaji Kiamaiko

Katika hoteli kubwa za Nairobi mgeni huletewa orodha mbili: moja ya vyakula na ya pili, nzito zaidi, ya mvinyo. Sisi watu wa pwani hii ya pili huifunga tukairudisha, na ndivyo ipasavyo. Lakini kabla ya kuirudisha yafaa kutazama ilivyoandikwa. Kila chupa imetajiwa nchi yake, jimbo lake, shamba lake na mwaka zabibu zilipochumwa. Wafaransa walipanga madaraja ya mvinyo wa Bordeaux tangu mwaka 1855, na hata divai ya Dodoma hutajwa kwa mji wake. Kinywaji kisichojulikana nasaba hakipati nafasi katika karatasi ile.

Sasa na tushuke Huruma, mashariki ya mji huo huo, hadi Kiamaiko kwenye soko la mbuzi. Mbuzi hao huja kwa malori kutoka Marsabit, Isiolo na Moyale, na wengi wa wanaowachinja na kuwauza ni Waislamu wa kaskazini, Waborana wakiwemo, hivyo mla nyama kutoka Lamu au Mombasa hukaa kwa raha. Karibu na machinjio mna vihoteli ambamo mtu halazimiki kununua kilo nzima. Huletewa visahani: maini katika kimoja, matumbo katika kingine, na cha tatu nyirinyiri, yaani nyama iliyokatwa vidogo vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta.

Katika kimoja cha vihoteli hivyo orodha ya vinywaji imeandikwa ukutani kwa rangi: chai, chai rangi, kahawa, maziwa ya ngamia, maziwa lala, soda, maji. Vitu saba, basi.

Chai rangi ni nzuri. Ina iliki na tangawizi, nayo huyakata mafuta ya nyirinyiri hata ulimi ukatamani tonge jingine. Soda sioni kazi yake mezani hapo. Kahawa ni ya unga wa kopo, na hilo lasikitisha, maana Waborana ni mabingwa wa buni: huzikaanga pamoja na maganda yake katika samli, baada ya kuikata kila moja ncha, na wenyewe huita tendo hilo kuichinja kahawa. Nani angedhani kwamba mtaa wa wachinjaji ungesahau kuichinja hiyo! Na hili neno kahawa, katika Kiarabu cha kale, lilikuwa mojawapo ya majina ya mvinyo kabla ya kuhamia kwenye buni. Mwaka 1511 kinywaji chenyewe kilipigwa marufuku Makka, kisha kikaruhusiwa.

Lakini fahari ya ukuta ule ni maziwa ya ngamia. Yana chumvi kwa mbali, na moshi, kwa kuwa vyombo vyake hufukizwa kwa vijinga vya moto kabla ya kutiwa maziwa. Asiyeyazoea hudhani yameungua. Yakichacha hayagandi mazito kama ya ng'ombe, hubaki mepesi yenye ukali, na pamoja na sahani ya maini sijui kinywaji kinachoyashinda.

Nilimwuliza kijana aliyenihudumia, "Maziwa haya ya wapi?"

"Ya ngamia, mzee."

"Ngamia wa wapi?"

Akacheka, akaenda kumwita mama mwenye jiko. Mama yule alijua yote: yametoka Isiolo, yamesafiri kwa basi, yamekamuliwa jana, na ngamia wamekula majani ya mvua mpya ndiyo maana mwezi huu ni matamu. Hata mti wa kufukizia alinitajia kwa lugha yake. Elimu hii yote imo kichwani mwa mtu mmoja aliye jikoni, na mteja aliye mezani hana hata chembe yake.

Kila mtoto wa chuoni anajua kwamba usiku wa Miraji Mtume (S.A.W.) aliletewa chombo cha mvinyo na chombo cha maziwa, akachagua maziwa. Basi kinywaji kilichochaguliwa kingestahili angalau adabu ya uandishi wanayokipa kile kilichoachwa.

Wala hili si la anasa tu. Mitaa hii ya mashariki inajua gharama ya kunywa kitu kisichojulikana kitokako. Novemba 2000, pombe ya kumikumi iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 100 Nairobi, wengi wao katika vitongoji vya Mukuru, na waliokufa hawakuwa na njia ya kujua kilichomo ndani ya gilasi. Maziwa si sumu, alhamdulillahi, lakini huongezwa maji, huchanganywa ya ng'ombe na ya ngamia, hukaa juani njiani. Aliyeyachunga vizuri na aliyeyaharibu wote wanauza chini ya maneno yale yale matatu, na kwa nini basi yule wa kwanza ajisumbue?

Nilimshauri mama aandike: Isiolo, ya jana. Akaguna. "Na kesho basi likileta ya Garissa, baba?"

Nikamwambia afute, aandike Garissa. Alisema rangi ya ukutani haifutiki. Nilipokuwa nikilipa, yule kijana alikuwa ameshaanza kuuliza bei ya ubao na chaki.